Kilima Kilichoanika Nguo

Walionipa hadithi hii walinipa nzima, nami nawapa nzima. Atakayeona chumvi imezidi, basi aongeze maji mwenyewe.

Kanisa la Kalumbwe lilikuwa linakaribia kupasuka, na msidhani ni kwa jambo kubwa. Hakuna aliyemkana Bwana, hakuna aliyeiba sadaka. Ilikuwa ngoma. Mzee Ngwila na wenzake walitaka ngoma ipigwe ibadani. Mama Lugano na wenzake walisema kinanda kinatosha, ngoma ibaki vilabuni ilikozoea. Jambo likaanza kwa minong'ono, likaingia kwenye kununiana, hata watu waliokula sahani moja tangu utotoni wakawa wanapishana njiani kila mmoja akitazama migomba. Mwisho ikasemwa waziwazi kwamba Pasaka ikipita watagawana mabati ya paa, hawa wachukue ya kwao na wale ya kwao.

Ndipo akatumwa Ipyana. Huyu alikuwa mzee wa kanisa kwa cheo, si kwa umri, mtu mpole aliyependwa na pande zote mbili na kwa hiyo kusengenywa na pande zote mbili. Ilikuwa imesikika kwamba nyuma ya safu ya milima kuna nchi iitwayo Ilindi, ambako Wakristo hawajagombana tangu enzi za mababu. Nenda, wakamwambia, ukatuletee dawa yao. Ipyana alikwenda kwa moyo mmoja, maana mkewe alikuwa wa kinanda na mama yake mzazi alikuwa wa ngoma, na nyumba ile ilikuwa haikaliki tena. Kanisa lingepasuka, na nyumba yake ingepasuka siku hiyohiyo.

Njia aliyopita haina faida kuisimulia. Alifika.

Ilindi ni nchi ya vilima vitatu vinavyotazamana, katikati yake bonde lisilokauka ukungu. Kitu cha kwanza kilichomgusa Ipyana ni kimya chake. Mbwa wapo, hawabweki. Watoto wapo, wanacheza kwa kunong'ona. Kila mtu amevaa uzi shingoni, na kwenye uzi kunaning'inia vipande viwili vya pamba vilivyoviringwa, vimetulia kifuani kama vifungo vya shati. Tena kila nyumba ya kilima alichofikia ilikuwa na ukuta mtupu upande wa mashariki, bila dirisha hata moja. Nyingine ungeona kabisa mahali dirisha lilipokuwa, likazibwa kwa udongo. Jua la asubuhi lilikuwa linagonga ukuta linarudi zake.

Langoni alikaa Mpokezi wa Wageni, mtu mnene mwenye heshima zake, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwarudisha wageni walikotoka. Alimwuliza Ipyana maswali matatu. Je, akisali hupiga magoti au husimama? Je, hufunga Jumatano au Ijumaa? Je, hula kambale? Ipyana akajibu kwamba kwao watu hupiga magoti, kufunga kila mtu ana siku yake, na kambale akipatikana huliwa na Mungu hushukuriwa. Mpokezi akafumba macho kama mtu aliyetajiwa ugonjwa mbele ya chakula. Kisha akaeleza kwa upole mwingi kwamba hapana ugomvi wowote, wao hawagombani na mtu, ila hawezi kuingia. Ipyana akataka kujua kama amewahi kumpokea mgeni yeyote. Mzee yule akafikiri sana. Akasema babu yake, aliyekalia kiti hichohicho, alipata kusikia habari za mmoja.

Ipyana angerudi palepale, kama asingetokea mtu mrefu, mkavu, mvi zimeanza pembeni, aliyemnong'oneza Mpokezi sikioni. Mtu huyo aliitwa Gwakisa, naye alikuwa na cheo kikubwa pale kilimani: Mzibaji Mkuu. Mama yake, Bibi Sekela, alikuwa kitandani hawezi, na kila kukicha aliomba aletewe mgeni, mgeni yeyote, hajali wa wapi. Gwakisa hakujua mama anamtakia nini mgeni, ila wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpokezi akageuza kiti chake akatazama upande wa pili, kwa kuwa asiyemwona hajampokea, na Ipyana akaingia.

Njiani Gwakisa alimsimulia habari za nchi, kwa sauti ya chini na bila haraka. Zamani walikuwa na kanisa moja kule bondeni. Hawa walipiga magoti, wale walisimama. Hawa Jumatano, wale Ijumaa. Kambale naye akaleta yake. Makelele yakawa mengi. Ndipo wazee wapatanishi, Mungu awape pumziko, walipopata njia: kila upande uchukue kilima chake na fungu lake. Kengele ya kanisa ikaja hapa kilima cha kwanza, ulimi wa kengele ukaenda cha pili, kamba ya kuivutia ikaenda cha tatu. Wimbo nao ukagawanywa. Waasisi walikuwa wameacha wimbo mmoja tu, wa kupokezana, wenye mafungu matatu, na kila kilima kikapewa fungu moja kilitunze.

"Sasa kengele yenu mnaipigaje?" Ipyana akauliza.

Gwakisa akajibu kwamba kuna mtu husimama chini yake, saa ikifika, akasema "ngo" kwa kinywa. Ni kazi ya heshima, hurithiwa. Hakucheka hata kidogo, na Ipyana, kwa adabu ya mgeni, naye akakimeza kicheko chake.

Nyumba ya Gwakisa ilinuka uvundo. Ipyana alipoinua macho aliona nguo mbichi zimetundikwa darini, shuka, khanga, nepi za wajukuu, zote zinakauka kwa shida ndani ya moshi, na nje jua linawaka. Alipouliza, aliambiwa kuwa kilima kile kina sheria: nguo hazianikwi nje, nyeupe hasa. Kwa nini? Ni mambo ya imani, akasema Gwakisa, na akageuza maneno.

Jumapili alasiri yule mtu akasimama chini ya kengele akasema "ngo," na watu wakamiminika ibadani bila kishindo. Walipiga magoti wote. Wakaimba fungu lao, na jamani, walikuwa na sauti. Fungu lenyewe lilikuwa mstari mmoja tu, unaopanda taratibu na kuachwa juu, haushuki:

*Ni nani huyo aliye mlangoni?*

Wakaishia hapo. Kisha mikono ikanyanyuka kwa pamoja na kila mtu akaziba masikio kwa pamba yake. Gwakisa akapita kati ya safu akiwakagua mmojammoja, akimkandamiza huyu kwa kidole, akimwinamisha yule. Ipyana alikuwa ameelezwa mapema. Swali likiisha kuulizwa, kimya kinachofuata ni cha Bwana. Yeye mwenyewe ndiye hujibu, na hakuna sikio linalostahili. Atakayesikia ameiba. Kimya kingi kina mshindo mkuu, waliniambia hata wao wana methali hiyo, tena wameichora juu ya mlango.

Ipyana naye alikuwa amepewa pamba yake, akaziba. Lakini hakuizoea, na kipande cha kushoto kikamtoka kikaanguka magotini. Akainama kukiokota. Hakukiokota.

Kutoka ng'ambo ya ukungu kulikuwa na watu wanaimba. Sauti zilikuwa nyembamba, za mbali, nyingi za wanawake, nazo ziliushika ule mstari palepale ulipoachwa juu:

*Ni ndugu yenu, amechoka, ana njaa.*

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Watu wamefumba macho, nyuso zimetulia kama za waliolala, na huku wanajibiwa. Walikuwa wameuliza, wanajibiwa, na hakuna hata mmoja anayesikia. Kisha zile sauti za ng'ambo nazo zikakoma, na hapo kikaja kimya kingine. Hiki kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza, na kilikuwa na umbo, kama kiti kilichoachwa wazi mezani. Ipyana akatega sikio, maana hata asiyejua wimbo angejua kwamba haujaisha. Upepo ukapita. Ndege akalia mara moja. Hakikuja kitu.

Gwakisa akainua mkono, pamba zikatolewa, na watu wakaimba tena kwa nguvu zao zote: ni nani huyo aliye mlangoni? Waliuliza hivyo mpaka jua likapungua.

Ibada ilipokwisha baraza likakaa papo hapo, kwa sababu kulikuwa na hoja nzito. Kuna ndugu walioanza kusema kwamba pamba haifai, sikio la mwamini lizibwe kwa nta ya nyuki, ambayo ni safi na ya asili. Ipyana akadhani sasa ataona ugomvi. Wapi! Msemaji wa pamba alisimama akasema yake, na wa nta wakaziba masikio. Msemaji wa nta akasimama akasema yake, na wa pamba wakaziba. Hakuna aliyemkatiza mwenzake, hakuna aliyepandisha sauti, na kila upande ukatoka pale umeshinda. Nje ya mlango Ipyana aliwaona wa nta wakipima kwa kamba kiwanja cha kujengea, upande wa pili wa mteremko. Walikuwa wanatabasamu.

Hii ndiyo dawa niliyotumwa, Ipyana akawaza, na akatamani kutoka katika nchi ile siku hiyohiyo. Lakini Bibi Sekela alikuwa bado hajamwona.

Alimkuta bibi kizee amelala ubavu, amekondeana, kichwa kimefungwa kitambaa kilichobana masikio yote mawili. Kilimani pale wagonjwa mahututi hawaachiwi masikio wazi hata saa moja. Kifo hakina miadi, na anayekufa masikio wazi hazikwi kilimani. Nyumba yake hufungwa kwa miiba na jamaa zake hawasalimiwi tena. Gwakisa mwenyewe ndiye aliyemfunga mama yake kila asubuhi, kwa mikono yake, kwa upendo kabisa. Kwa hiyo bibi aliweza kusema ila hakuweza kusikia, na kila aliyetaka kumjibu alimjibu kwa kichwa.

Akamwita Ipyana karibu, akasubiri mwanawe atoke.

"Mwanangu, wewe hukuapa. Masikio yako ni yako. Umewasikia wa kilima cha pili?"

Ipyana akaitikia kwa kichwa. Uso wa bibi ukafunguka.

"Na wa tatu?"

Ipyana hakujua afanye nini na kichwa chake. Akakiinamisha tu.

Bibi Sekela akafikiri hakumwelewa, akaanza kumweleza. Alikuwa na mdogo wake, Atuganile. Walikua pamoja, wakaimba benchi moja kanisani bondeni, yeye akianza wimbo na mdogo wake akimalizia. Watu walipogawana, yeye alimfuata mumewe kilima hiki na Atuganile akamfuata wake kilima cha tatu, kule kwa wanaosimama na kula kambale. Siku ya kuagana walishikana mikono pale kwenye kizingiti cha kanisa. Atuganile akamwambia: dada, wewe ukianza, mimi nitamalizia, na siku usiponisikia ujue sipo. Wakati huo pamba ilikuwa haijaja. Ilikuja mwaka uliofuata.

"Sijamsikia tangu hapo," alisema bibi. "Sina neno na kufa, nimeshiba siku. Ila sitaki kufa kabla sijasikia ananimalizia. Nenda kasikilize tena, ukamsikie, uje uniambie."

Ipyana akaenda. Hakungoja ibada nyingine, alikwenda kwa miguu kesho yake jua likiwa limepanda. Alipita bondeni kwenye kanisa la zamani, kuta zimesimama na paa halipo, ndani kumeota magugu kufika kiunoni. Akaanza kupanda kilima cha tatu. Langoni kulikuwa na kiti cha Mpokezi kama kule kwingine, ila mti mchanga ulikuwa umeota katikati ya kiti ukakipasua. Hakuna aliyemwuliza swali lolote.

Aliita hodi nyumba ya kwanza. Akaita ya pili. Milango ilikuwa wazi yote. Vyungu vilikuwa vimefunikwa mafigani, na ndani ya vyungu buibui wamejenga. Palikuwa na makaburi nyuma ya kanisa la kilima hicho, mengi mno kwa kilima kidogo vile, ya kwanza yamechimbwa vizuri na kupangiwa mawe, ya baadaye mafupi, ya mwisho udongo wa kufukiwa kwa mikono tu. Na yule aliyebaki wa mwisho hakuwa na wa kumzika. Alikuwa amejilaza mwenyewe penye kizingiti cha kanisa, miguu ndani, kichwa nje, akielekea magharibi, na alikuwa mifupa tangu zamani.

Ipyana alifuata alikokuwa akitazama yule marehemu. Pale ukingoni, mahali panapoonekana vizuri kutoka kilima cha kwanza, ile kamba ya kengele ilikuwa imefungwa kutoka mti hadi mti, na juu ya kamba zilibaki nguo. Shuka, vitambaa, kanzu ya mtoto. Zilikuwa nyeupe siku moja. Walipoona kuita hakufai, walipunga. Ipyana alikaa chini akalia kama mtoto, nami simcheki.

Aliporudi hakuingia kwa bibi. Alimtafuta Gwakisa akamkuta nyuma ya nyumba, akamwambia yote, bila kumpunguzia. Gwakisa alisikiliza akiutazama ukuta wa mashariki.

"Nilikuwa kijana," akasema. "Siku moja tuliamka kilima kile kimejaa nguo nyeupe. Zikapepea kutwa, na kesho yake, na kesho kutwa. Baraza likakaa. Mmoja akasema labda wana shida, akaulizwa amejuaje, amewasikiliza? Akanyamaza. Basi ikaamuliwa kwamba wamezusha ibada ya vitambaa. Ndipo ikatoka sheria ya nguo. Madirisha yote ya upande ule yakazibwa, watu wasije wakavutwa na uzushi."

"Na zilikoma lini kupepea?"

"Nani angejua? Tulikuwa tumeziba." Akaushika ule ukuta kwa kiganja. "La mama nililiziba mimi. Nilikanda udongo mwenyewe. Alilia siku ile, nikadhani analilia mwanga."

Kutoka kanisani walisikia mtu akisema "ngo." Ilikuwa saa ya sala ya jioni, na Mzibaji Mkuu alitakiwa awe mahali pake. Gwakisa hakwenda. Alishika jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akaingia ndani kwa mama yake, na Ipyana akamfuata.

Bibi alikuwa amebadilika tangu asubuhi. Pua ilikuwa imechongoka, na vidole vilikuwa vinachezea ukingo wa blanketi. Gwakisa alijua maana yake, kila mtu aliyewahi kuuguza anajua. Alijua pia kwamba akikigusa kile kitambaa leo, mama hana kaburi, yeye hana cheo, na wajukuu hawatapata wa kuwaitikia salamu. Kisha akainua jembe akaupiga ukuta pale palipokuwa dirisha, akapiga tena, udongo ukaanguka vipandevipande, na mwanga ukaingia chumbani pamoja na hewa ya bondeni. Akatua jembe. Akamfungua mama yake kitambaa taratibu, kama mtu anavyofunguliwa kidonda, akatoa pamba ya sikio moja, akatoa ya pili. Ile iliyokuwa shingoni kwake akaikata akaitupa.

Bibi akashtuka. Kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa pumzi za mwanawe.

"Gwakisa," akasema. "Unakoroma ukiwa macho."

Kanisani wakaimba: ni nani huyo aliye mlangoni? Kisha wakanyamaza, na mikono yao bila shaka ikapanda masikioni. Ikaja kutoka ng'ambo ya ukungu ile sauti nyembamba: ni ndugu yenu, amechoka, ana njaa. Gwakisa, ambaye maisha yake yote alikuwa analinda kimya hicho, alisikia kilichokuwa ndani yake kwa mara ya kwanza. Alishika nguzo ya kitanda.

Kikafuata kile kimya cha pili. Bibi Sekela aliinua shingo kuelekea dirishani, tayari uso una tabasamu la kumkaribisha mtu. Akangoja. Upepo uliingia ukatikisa nguo darini.

"Atuganile leo kachelewa," akasema.

Hapo Gwakisa angeweza kumdanganya, na nani angemlaumu? Lakini alipiga magoti kando ya kitanda akamshika mkono.

"Mama, Atuganile hayupo. Kilima chote hakipo. Waliita hatukusikia, wakapunga tukaziba madirisha."

Bibi hakulia. Aliutazama mkono wa mwanawe kwa muda mrefu, mpaka Ipyana akadhani ameshaondoka.

"Basi malizia wewe," akasema.

"Mimi siujui, mama. Hakuna anayeujua."

"Unaujua. Nilikulaza nao."

Na kweli aliujua. Ulikuwa wimbo wa kumbembeleza mtoto, aliodhani ni wa nyumbani kwao tu, hauna kilima wala dhehebu. Alisimama dirishani, akafungua kinywa, akauachia wote utoke nje, ushuke bondeni:

*Mfungulieni aingie, ale pamoja nasi.*

Mstari ukashuka, ukatua. Kanisani hakuna aliyesikia, walikuwa wameziba. Bibi Sekela alilaza kichwa, akavuta pumzi ndefu, akaitoa, hakuivuta nyingine. Gwakisa alikuwa bado hajageuka kumtazama pale aliposikia kitu kutoka ng'ambo, kutoka kilima cha pili. Hazikuwa sauti nyingi. Ilikuwa sauti ya mwanamke mmoja, imechakaa, inatetemeka, inarudia maneno aliyoyaimba yeye: mfungulieni aingie. Kumbe kule nako kulikuwa na mtu anayetoa pamba, anasikiliza, na anangoja. Alikuwa amengoja miaka mingapi, Mungu ndiye ajuaye.

Kesho yake walifanya kama sheria inavyosema. Mlango wa Gwakisa ukapangiwa miiba na kaburi likanyimwa. Watu walipita njia ile bila kugeuza shingo, hata wale aliowashika masikio tangu utoto wao. Gwakisa na Ipyana wakambeba bibi wawili tu, kwa kupumzikapumzika, wakashuka naye bondeni. Pale kwenye kanisa lisilo na paa walimkuta mwanamke wa makamo amesimama ana jembe begani na amelowa umande. Alitoka kilima cha pili. Hakuwauliza wanasali vipi. Alishika upande wa miguu, na wote watatu wakapanda kilima cha tatu, wakamzika Bibi Sekela karibu na yule wa kizingitini, ambaye naye walimzika, na hawakujua ni nani na wakaona si lazima wajue. Walipomaliza, Gwakisa alikaa penye kiti kilichopasuliwa na mti akasema yeye atabaki hapa na wa nyumbani kwake watamfuata, kuna nyumba tupu nyingi, na mtu yeyote akija atamfungulia. Mwanamke yule akasema atapita kila anaposikia wimbo. Ipyana aliomba kitu kimoja cha kwenda nacho, akapewa.

Sasa, Kalumbwe ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Ipyana alipofika karibu na kanisa alisikia makelele kabla hajaona paa. Mzee Ngwila alikuwa anafoka, Mama Lugano anamjibu neno kwa neno, na watu wamegawanyika wanashangilia huku na huku. Ipyana akasimama njiani akafurahi, machozi yakamtoka. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Walijua kesho watapatana wakucheke. Wasiogombana kabisa ndio wa kuogopa.

Akaingia. Wakanyamaza, wakamzunguka, wakamtaka dawa. Ipyana akaingiza mkono mfukoni akaweka mezani vipande viwili vya pamba, na kando yake kanzu ndogo ya mtoto, iliyopauka, yenye alama ya kamba katikati. Akawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, hakuongeza. Simulizi ilipofika penye yule wa kizingitini, mke wake na mama yake walikuwa wameshikana mikono bila kujua.

Alipomaliza hapakuwa na aliyesema. Kikawa kimya, na kimya kile kikaendelea, kikawa kirefu. Watu wakaanza kutazamana kwa hofu, maana kila mmoja sasa alijua kimya kinaweza kuwa nini.

Mama Lugano ndiye aliyeshindwa.

"Kaka Ngwila," akasema, "hebu sema kitu."

Mzee Ngwila akakohoa.

"Kesho nakuja na ngoma."

"Ngoma yako siipendi. Hata kesho sitaipenda."

"Najua, dada," akasema Mzee Ngwila. Akaja hadi kwenye benchi la Mama Lugano, akasimama mbele yake. "Sogea nami nikae."

Mama Lugano akasogea.